Namna ya kuusoma na kuutengeneza mnara wa kanisa la kale Bagamoyo

Maelezo haya ni kwa kamati za majengo za parokia, waongoza watalii na mafundi wanaoitwa kushika mnara wa kanisa uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mfano wetu ni mnara wa misheni ya Bagamoyo, lakini kazi ni ileile kwa kanisa lolote la zamani la pwani, liwe Tanga mjini au Unguja. Kuna kuusoma mnara na kuna kuutengeneza, na tumeviweka pamoja kwa makusudi. Fundi asiyejua kuusoma ukuta ndiye anayeufunika kwa saruji, na madhara yake huonekana baada ya masika machache tu.

Kabla ya lolote, fahamu kwamba majengo ya kale ya Bagamoyo yanalindwa na sheria ya mambo ya kale. Kuangalia na kupima kwa futikamba hakuna shida ukiwa na ruhusa ya parokia. Kubomoa lipu, kuziba ufa au kupaka chochote ni jambo la kupeleka kwanza Idara ya Mambo ya Kale, kwa maandishi, pamoja na picha.

Historia iwe sahihi

Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja kuja Bagamoyo mwaka 1868, wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Kanisa lao la kwanza la mawe ni la 1872, mwaka uleule ambao kimbunga cha mwezi Aprili kiliipiga Unguja na pwani hii. Kanisa kubwa linalotumika sasa lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Mgeni akiuliza "kanisa la zamani ni lipi", muoneshe yote mawili na mtajie miaka, maana wengi huondoka wakidhani ni jengo moja.

Mnara huu wa kanisa la 1872 watu wanauita kwa jina la David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, na hapo ndipo maelezo ya waongoza watalii huanza kuongezwa chumvi. Livingstone hakuwahi kuuona. Alipoingia bara kwa safari yake ya mwisho mwaka 1866, misheni yenyewe ilikuwa haijaanzishwa. Alikufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Moyo wake ulizikwa hukohuko chini ya mti, mwili ukakaushwa, kisha ukabebwa na kundi la wapagazi na watumishi, wakiwemo Abdullah Susi, James Chuma na Jacob Wainwright, hadi Bagamoyo mwezi Februari 1874. Hapo misheni ndipo ulipohifadhiwa kabla ya kuvushwa Unguja na kusafirishwa Uingereza, ambako ulizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Ukisimulia hivyo, waliobeba maiti kwa miezi kadhaa kwa miguu wanapata nafasi yao, na kwa maoni yetu wao ndio habari yenyewe.

Je, ni mnara wa Kivictoria? Malkia Victoria wa Uingereza alitawala kuanzia 1837 hadi 1901, kwa hiyo kwa miaka unaingia. Kwa mtindo, hapana. Shirika lilikuwa la Wafaransa, na mnara ni wa pembe nne bila ile ncha ndefu ya jiwe iliyo alama ya makanisa ya Kiingereza ya enzi hiyo. Anayetaka kuona mkono wa Waingereza karibu na hapa avuke bahari hadi Mkunazini, Unguja, kwenye kanisa la Kianglikana la Askofu Edward Steere. Jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, na ibada ya kwanza ikasomwa Krismasi ya 1877.

Kulinganisha na minara ya Uingereza

Kulinganisha kunasaidia kwa sababu matatizo yanafanana kuliko sura. Mnara wa parokia wa Kivictoria mara nyingi huanza na pembe nne chini, kisha juu hugeuka kuwa ncha ya pande nane. Mrefu kuliko yote ya parokia nchini Uingereza ni wa kanisa la St Walburge huko Preston, wenye mita 94. Angalia ncha inapokutana na mnara, maana kuna namna mbili kuu za kuziunganisha. Katika namna ya kwanza, pembe nne za mnara hufunikwa na vipande vya mawe vilivyolala mshazari kuelekea kwenye ncha, hivyo mvua huteleza na kudondoka nje moja kwa moja. Katika namna ya pili, ncha husimama ndani kidogo, imezungukwa na ukuta mfupi, na nyuma ya ukuta huo pana mfereji wa kukusanya maji. Ya pili inapendeza na ina mahali pa kusimama fundi, lakini mfereji ukiziba kwa majani na manyoya ya ndege, maji yote huingia ukutani.

Mnara wa pwani wenye kilele tambarare una tatizo la namna hii ya pili. Kwa hiyo unapoanza kukagua, anzia juu, hata kama ubaya unaouona uko chini.

Jambo jingine la Uingereza linalotuhusu ni chuma. Wajenzi wa Kivictoria walifunga mawe ya ncha kwa vyuma vidogo vilivyofichwa ndani. Chuma kikishika kutu huvimba mara kadhaa ya unene wake, kisha hulipasua jiwe kutoka ndani. Kule inachukua miaka mingi. Hapa, kwenye hewa ya chumvi, haraka ni kubwa zaidi, na ufa ulionyooka wenye rangi ya kahawia kandokando yake ndiyo dalili.

Kupima urefu bila ngazi

Chukua karatasi ngumu ya mraba, ikunje kona kwa kona upate pembe ya nyuzi 45. Ning'iniza uzi wenye jiwe dogo kwenye ukingo wa wima ili ujue karatasi imesimama sawa. Rudi nyuma ukiangalia kupitia mkunjo mpaka mstari wake ugonge ukingo wa juu wa mnara. Pima kwa futikamba kutoka ulipo hadi ukutani, ongeza urefu wa jicho lako kutoka ardhini. Ikiwa ni mita 12.4 na jicho liko mita 1.6, mnara una mita 14. Ardhi lazima iwe tambarare. Na kama unapima ncha iliyo katikati ya mnara, ongeza nusu ya upana wa mnara, la sivyo utapata urefu pungufu. Kosa hili ni la kawaida sana.

Njia ya kivuli pia inafaa: simamisha fimbo ya mita 1, pima kivuli chake na cha mnara kwa wakati mmoja, gawanya. Ila Bagamoyo usipime adhuhuri. Mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba jua la mchana hupita karibu sawasawa juu ya kichwa, kivuli kinakuwa kifupi mno, na kosa dogo la futikamba linakuwa kosa la mita nzima. Saa tatu asubuhi au saa kumi jioni ndiyo saa yake.

Saa hizohizo ndizo nzuri za kupiga picha, na si kwa uzuri peke yake. Jua linapopita ukutani kwa ubavu, kila uvimbe na kila kiraka hutoa kivuli chake. Piga picha pande zote nne, mbili asubuhi na mbili jioni, ukiwa umesimama mahali palepale kila mwaka. Ukuta unaoonekana laini saa sita utakuta una matumbo na viraka vitano.

Kusoma ukuta kwa karibu

Tafuta mahali lipu imedondoka. Jiwe la matumbawe utalitambua kwa vitundu vyake: ukisogeza jicho unaona nyota ndogondogo zilizopangwa, nyumba za wadudu wa bahari waliolijenga. Sasa tazama kinachoshikilia mawe. Chokaa ya zamani ni nyeupe au ya maziwa, inakwanguka kwa ukucha au ncha ya msumari, na ndani yake mna vidonge vyeupe visivyochanganyika na vipande vyeusi vya mkaa. Vidonge ni vya chokaa iliyozimwa bila kuchujwa sana, na mkaa ni mabaki ya kuni za tanuri. Ukiviona vyote viwili, chokaa hiyo ilichomwa kwa kuni. Saruji ni ya kijivu, ngumu, na msumari unateleza juu yake. Wapo wanaopima kwa siki wakisema chokaa hutoa povu. Usitegemee hilo pwani, kwani mchanga wenye chembe za makombe nao hutoa povu.

Kisha gonga lipu kwa mpini wa mwiko, hatua kwa hatua, kama mita moja ya mraba kwa wakati. Sauti nzito ni salama, sauti ya mtungi mtupu ina maana lipu imeachana na ukuta. Chora mipaka yake kwa chaki, piga picha.

Kwa unyoofu, shusha timazi kutoka juu. Uzito uwe wa kilo moja hadi mbili, nao uingie kwenye ndoo ya maji ili upepo usiuyumbishe. Pima nafasi kati ya kamba na ukuta kila baada ya mita moja. Nafasi ikibadilika polepole kwa mwelekeo mmoja, mnara umeinama. Ikipungua katikati kisha ikaongezeka tena, ukuta umetoa tumbo. Kuta za matumbawe mara nyingi zina nyuso mbili za mawe na kifusi cha mawe madogo katikati. Maji yakiisomba chokaa ya katikati, kifusi hushuka na kuusukuma uso wa nje. Tumbo la namna hiyo si kazi ya lipu wala ya fundi mmoja mwenye moyo. Ita mhandisi anayejua majengo ya mawe.

Nyufa zisomwe kwa mwelekeo. Ufa unaopanda kama ngazi kutoka chini unatokana na msingi kushuka. Ufa wa wima karibu na kona unasema kuta mbili zinaachana. Kila ufa unaopita milimita 1 upewe namba, utiwe alama mbili za penseli, moja kila upande, na umbali kati ya alama upimwe kila mwezi kwa mwaka mzima. Ufa usiosogea unazibwa. Unaosogea hauzibwi mpaka ijulikane unasogezwa na nini.

Maji, chumvi na saruji

Hapa ndipo pa kutulia. Ukuta wa matumbawe hunywa maji kutoka ardhini na kutoka mvua, kisha huyatoa kupitia chokaa yake. Maji hayo yana chumvi. Yanapokaukia kwenye lipu ya chokaa, chumvi hugeuka chembe ndani ya lipu, lipu inachakaa, nawe unaibadilisha. Hiyo ndiyo kazi yake. Ukiweka saruji, maji hayapati pa kutokea. Yanapanda juu zaidi kutafuta mwanya, au yanabaki nyuma ya saruji, na chumvi inafanya chembe zake ndani ya jiwe lenyewe. Baada ya muda saruji inaanguka kama sahani kubwa ikiwa imeng'oka na uso wa matumbawe. Ukipindua kipande kilichoanguka utaona vumbi la jiwe limegandamana nyuma yake.

Kwa hiyo kabla ya kutengeneza lipu, shughulikia maji: zibua mitoro ya kilele (midomo ya kutolea maji ya mvua), hakikisha inatema mbali na ukuta, na punguza udongo uliorundikana chini ya mnara hadi uwe chini ya sakafu ya ndani. Sakafu ya zege iliyomiminwa kuuzunguka mnara ni adui mwingine, maana huyafukuza maji ya ardhini yaende ukutani. Changarawe ni bora.

Saruji ya zamani iliyoachana na ukuta itolewe kwa tindo na nyundo ndogo. Iliyoshika sana iache kwa sasa, kwani ukiilazimisha utang'oa jiwe zima.

Kuandaa chokaa

Chokaa iliyochomwa huzimwa kwa maji. Tia chokaa ndani ya maji, kidogokidogo, kamwe usimwage maji juu ya rundo la chokaa, maana huchemka ghafla na kuruka. Vaa miwani ya kazi, glavu na nguo za mikono mirefu, na weka ndoo ya maji safi pembeni. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi angalau dakika 15, kisha nenda hospitali. Ikishazimika, ichuje kwa wavu wa milimita 3, ihifadhi shimoni au kwenye pipa ikiwa imefunikwa na maji kwa muda usiopungua miezi mitatu. Itakuwa rojo zito kama mtindi mzito, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini na yenye kushika. Chokaa ya mfuko kutoka dukani inaweza kulowekwa siku moja au mbili ikatumika kwa viraka vidogo, ila haifikii ile iliyolala, na mfuko uliokwisha kupigwa na hewa haufai kitu.

Mchanga uwe wa mto, uliochotwa mbali na maji ya bahari yanakofika, wenye punje mchanganyiko kuanzia milimita 3 au 4 hadi laini. Uonje kwa ulimi: ukiwa na chumvi, rudisha. Tia kwenye chupa yenye maji, tikisa, acha kwa muda wa saa tatu. Tope lililotua juu lisizidi milimita 5 kwa mchanga wa milimita 100. Likizidi, osha mchanga.

Kipimo ni kimoja cha rojo kwa vitatu vya mchanga, kwa ujazo. Sehemu ya chini ya mnara yenye unyevu, badili nusu kipimo cha mchanga kwa unga wa matofali ya kuchoma yaliyosagwa laini. Husaidia chokaa kushika hata pasipo hewa ya kutosha. Mita moja ya mraba kwa unene wa milimita 15 inahitaji takriban lita 15 za mchanga na lita 5 za rojo, kwa kuwa rojo huingia katikati ya punje na haiongezi ujazo. Mita 20 za mraba ni ndoo 15 za mchanga na 5 za rojo, ndoo za lita 20. Ongeza ndoo moja au mbili za mchanga, na rojo kwa kipimo hicho, kwa kinachodondoka. Kujaza mashimo hakumo katika hesabu hii, na ukuta wa matumbawe una mashimo mengi.

Usiongeze maji. Mchanganyiko utaonekana mkavu mno mwanzoni, na hapo vibarua wote huomba ndoo ya maji. Wakatalie. Upondwe na kukatwakatwa kwa chepe dakika 20 hadi 30, utalainika wenyewe. Uko tayari ukishika kwenye mwiko uliopinduliwa.

Kupiga ukutani

Msimu ni kuanzia Juni, masika yakishapita, na kazi ikome kabla ya vuli. Jukwaa lisimame kwa miguu yake, mirunda isichomekwe kwenye mawe.

Viungo vilivyochakaa vikwanguliwe kwa mkono hadi kina cha mara mbili ya upana wake, kisipungue milimita 25. Mashine ya kukatia haifai, hukata jiwe. Osha vumbi, lowesha ukuta mpaka uache kunywa haraka, lakini usiachwe uking'aa kwa maji. Mashimo makubwa yatomewe: mawe madogo ya matumbawe yapigiliwe ndani ya chokaa, yakae kwa kubanana. Anayejaza shimo kwa chokaa tupu atapata nyufa, kwani chokaa nene hunywea inapokauka.

Baada ya kutomea, piga mkono wa kwanza wa lipu kwa kuurusha, si kuupaka, ili uingie vitunduni. Ukwaruze mistari ukiwa bado laini. Subiri wiki moja au zaidi, lowesha, kisha mkono wa pili wa milimita 10 hivi, na wa mwisho wa milimita 3 hadi 5 tu. Kila mkono ufunikwe kwa magunia mabichi yasiyogusa ukuta, yaloweshwe asubuhi, mchana na jioni kwa siku saba angalau. Chokaa hukomaa kwa kunyonya hewa ikiwa na unyevunyevu. Jua la pwani likiikausha kwa siku moja, kukomaa kunakatika na utabaki na unga unaotoka kwa kidole. Nyufa ndogo zikitokea siku mbili za kwanza, nyunyiza maji na uzikandamize kwa ubao.

Rangi ya mwisho ni chokaa ya maji, nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, siku moja kati ya mkono na mkono. Ukiipaka huonekana kama maji matupu, weupe huja ikikauka. Ndiyo maana wengi huifanya nzito, ikaanza kumenyuka kabla ya Krismasi. Rangi za plastiki za dukani zisikaribie mnara, kwa sababu ileile ya saruji.

Mimea na kengele

Mtini ukiota kwenye ufa usiung'oe. Mizizi imezunguka mawe, na ukivuta unavuta ukuta. Ukate karibu na shina, toboa kisiki, tia dawa ya kuua mizizi, ngoja mpaka ukauke kabisa, ndipo mawe yaliyolegea yatolewe na kurudishwa kwa chokaa. Kinyesi cha popo kiondolewe ukiwa umevaa barakoa, kwanza kikiwa kimenyunyiziwa maji.

Kengele inayobembea husukuma mnara kwa ubavu kila inapolia. Kama mnara una nyufa za wima, ifunge kengele isitembee na umfundishe mpigaji kuvuta ulimi wa kengele kwa kamba. Mihimili ya mbao inayobeba kengele ichomwe ncha ya kisu pale inapoingia ukutani, ndipo inapooza. Kisu kikizama zaidi ya milimita 5, kengele isilie mpaka fundi seremala aione.

Mwisho wa Februari panda juu, safisha mitoro na ufyeke vichipukizi. Mwezi Juni rudi, gonga lipu, pima nyufa na uandike tarehe kwenye daftari linalobaki ofisi ya parokia.